Sura ya 5: Kwa Nini Maharage Hupenda Mlima na Kunde Hupenda Bonde

Kwa nini maharage yanayojaza magunia Lushoto huishia kuwa majani matupu yakipandwa Mombo, chini ya mlima uleule? Barabara inayounganisha miji hiyo miwili haifiki kilomita 40. Mbegu huwa ileile, jembe lilelile, na pengine mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini ni ndugu wa tumbo moja. Swali hilo huulizwa pia kwa kugeuzwa: mbona kunde zinazositawi pwani na mabondeni hudumaa Njombe? Wengi hulaumu mbegu, au mbolea, au duka la pembejeo. Mara nyingi duka halina kosa. Kinachoamua ni mvua na joto, tena si kiasi chake tu, bali wakati vinapofika.

Mikunde ni jamii ya mimea inayofunga mbegu zake ndani ya ganda, na ambayo mizizi yake hufanya ushirika na bakteria wa udongoni. Bakteria hao huishi ndani ya vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mzizini, nao huchukua naitrojeni ya hewani wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, njegere, karanga, soya, njugu mawe na ngwara (njahi kwa Wakenya) yote ni mazao ya jamii hiyo. Ili msomaji wa Nairobi na wa Dodoma waelewane, choroko hapa ni zile punje ndogo za kijani ambazo Kenya huitwa ndengu, na dengu ni zile punje kubwa kiasi zenye kidomo.

Undugu wa mazao haya haumaanishi kwamba tabia zao ni moja. Maharage yalianzia Meksiko na milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kunde na njugu mawe ni wenyeji wa Afrika, wazaliwa wa nyika zenye jua kali. Mbaazi zilitoka India. Njegere na dengu zilianza kulimwa Mashariki ya Kati, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi. Maelfu ya miaka baadaye, kila zao bado linatafuta hali ya hewa ya kwao.

Milimita na maana yake

Watabiri wa hali ya hewa hupima mvua kwa milimita. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 400 humwaga takriban lita milioni 1.6 kwenye ekari moja. Ni maji mengi, lakini sehemu kubwa hutiririka bondeni, huzama kusikofikiwa na mizizi, au hurudi hewani kwa mvuke kabla mmea haujayaonja.

Mahitaji ya msimu mmoja, tangu kupanda hadi kukomaa, yanakaribia hivi:

- choroko: milimita 300 hadi 400, siku 60 hadi 75
- kunde: milimita 300 hadi 500, siku 65 hadi 90
- maharage mafupi: milimita 300 hadi 500, siku 65 hadi 90
- soya: milimita 450 hadi 700, siku 90 hadi 120
- karanga: milimita 500 hadi 700, siku 90 hadi 130
- mbaazi za muda mrefu: milimita 600 na kuendelea, miezi 6 hadi 9

Orodha kama hii husaidia, lakini pia hudanganya. Kwa tarakimu hizo kunde na maharage ni sawasawa, ilhali kila mkulima wa Kitui anajua kwamba hayako sawa. Tofauti yao huonekana mvua inapokatika.

Mfano mzuri ni Dodoma. Mji huo hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hesabu ya karatasi, maharage yangetosheka na kubakiza. Lakini mvua hiyo huja kwa vishindo vichache, na katikati ya msimu, mara nyingi Februari, hukatika kwa wiki mbili au tatu. Mizizi mingi ya maharage iko ndani ya sentimita 30 za juu za udongo, na tabaka hilo ndilo linalokauka kwanza. Kunde zikipatwa na ukame uleule hufunga mapema vile vitundu vidogo vya majani vinavyotoa mvuke, hupunguza matumizi ya maji na kusubiri. Choroko hutumia ujanja mwingine: hukomaa haraka, hivi kwamba ukame ukifika huikuta imeshavunwa. Mbaazi nazo hushusha mzizi mkuu zaidi ya mita 1, wakati mwingine hata mita 2, zikanywa maji ambayo mahindi ya jirani hayakuyafikia. Ndiyo sababu mbaazi huendelea kuwa kijani miezi miwili baada ya mahindi kuvunwa.

Idadi ya misimu nayo ina uzito wake. Kaskazini mwa Tanzania, pwani na sehemu kubwa ya Kenya kuna vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Kusini na kati mwa Tanzania mvua ni ya mkupuo mmoja. Huko Machakos, Makueni na Kitui, mvua za vuli hutegemewa kuliko za masika, ingawa sehemu nyingine masika ndiyo msimu mkubwa. Wakulima wa huko hupanda kunde na choroko kwenye udongo mkavu kabla ya tone la kwanza, ili mbegu isipoteze hata siku moja ya unyevu. Aina ya kunde iitwayo K80, iliyotokana na kazi ya watafiti wa kituo cha Katumani, ilipendwa kwa sababu hiyo hiyo: inaiva ndani ya msimu mfupi, na majani yake huliwa kama mboga kabla punje hazijakauka.

Wiki tatu zinazoamua mavuno

Maisha ya mkunde yamegawanyika sehemu tatu: kukuza majani, kutoa maua na kutunga maganda, kisha kujaza punje. Ukame wakati wa majani hudumaza mmea, lakini mvua ikirudi mmea hujikusanya upya. Ukame wakati wa maua ni jambo jingine. Maua hupukutika, maganda machanga hunyauka, na kwa aina fupi za maharage, ambazo hutoa maua karibu yote kwa mkupuo, hakuna duru ya pili. Wiki mbili au tatu za kipindi hicho ndizo zinazobeba mavuno ya msimu mzima. Mashamba mawili yaliyopata milimita 400 kila moja yanaweza kutofautiana kabisa: moja likatoa magunia sita kwa ekari na jingine gunia moja, kwa sababu tu la kwanza lilinyeshewa wiki ya maua.

Aina zinazotoa maua kidogokidogo kwa muda mrefu, kama kunde nyingi za kienyeji zinazotambaa, zina kinga ya asili dhidi ya balaa hilo. Wataalamu wa mbegu hawakuzipenda sana kwa sababu haziivi kwa pamoja na kuvuna ni kazi ya mara tatu au nne. Mkulima wa nyika ana sababu nzuri ya kuendelea nazo.

Vinundu vya mizizini navyo huumizwa na kiu. Udongo ukikauka, bakteria hupunguza kazi yao mapema kabla hata majani hayajaonyesha kunyauka. Mmea huonekana mzima kumbe unakosa chakula.

Maji yakizidi

Mvua nyingi si baraka kwa mikunde yote. Udongo ukituamisha maji kwa siku kadhaa, hewa hutoka kwenye matundu yake. Mizizi hukosa pumzi, vinundu huacha kutengeneza chakula na majani hugeuka manjano. Wakulima wengi huona umanjano huo wakakimbilia mbolea ya chumvichumvi, kumbe kilichohitajika ni mtaro.

Ubaridi ukiungana na unyevu, magonjwa ya ukungu hupata nafasi. Chule, ugonjwa unaotoboa vidonda vyeusi kwenye maganda ya maharage, hustawi penye ubaridi na mvua za mfululizo. Kuoza kwa mizizi husumbua mashamba ya milimani yanayolimwa maharage msimu baada ya msimu bila kupumzishwa. Mvua ikiendelea hadi wakati wa kuvuna, punje hubadilika rangi au huota zikiwa bado ndani ya maganda, na bei sokoni huporomoka. Miaka ya El Niño, ambayo kwa kawaida huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, huleta hasara za namna hii hata pale ambapo njaa ya maji imezoeleka.

Hata hivyo Bukoba, yenye karibu milimita 2,000 kwa mwaka, imo katika mkoa unaolima maharage kwa wingi. Siri yake ni udongo unaopitisha maji na kilimo cha kuchanganya maharage na migomba. Kilele cha mvua hakiepukiki, lakini udongo ukiyapitisha maji haraka mmea hupona.

Joto la usiku

Sasa jibu la Lushoto na Mombo. Hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda mlima, takriban nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000. Lushoto iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Mombo iko chini yake kwa takriban mita 1,000. Tofauti ya nyuzijoto 6 huonekana ndogo kwa mtu anayevaa sweta na kuivua. Kwa maharage ni tofauti ya mavuno na majani matupu.

Maharage hujisikia nyumbani joto la wastani likiwa kati ya nyuzijoto 16 na 24. Watu wengi huhofia jua la saa nane mchana, lakini adui mkubwa wa maharage ni usiku wenye joto. Usiku unapobaki juu ya nyuzijoto 20 hivi, chavua, ile poda inayobeba mbegu ya kiume ya ua, huharibika siku kadhaa kabla ua halijafunguka. Ua hufunguka likiwa zuri kabisa, kisha hudondoka bila kutunga ganda. Majani hayadhuriki. Ndiyo maana shamba la Mombo, hata likimwagiliwa maji ya kutosha, huweza kuwa la kijani na kupendeza macho huku likiwa halina kitu. Maji hayawezi kurekebisha usiku wenye joto.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayochora ramani ya maharage Afrika Mashariki. Yapo kwa wingi Kagera, Kigoma, Mbeya, Rukwa, Njombe, Arusha na Kilimanjaro; yapo nyanda za juu za Kenya, Kivu, Burundi na Rwanda, karibu kote kati ya mita 1,000 na 2,000. Nchini Rwanda, maeneo ya baridi ya kaskazini hulima maharage yanayopanda juu ya miti. Hayo huchukua muda mrefu zaidi shambani, lakini penye ubaridi na mvua ya kutosha hutoa mavuno makubwa kuliko maharage mafupi, jambo lenye thamani kwenye nchi yenye mashamba madogo.

Njegere zinataka ubaridi zaidi, kati ya nyuzijoto 13 na 18, na hupatikana Lushoto, Njombe na Nyandarua. Kunde, choroko, karanga na njugu mawe ziko upande wa pili: zinafurahia nyuzijoto 25 hadi 30. Zikipandwa Njombe, mbegu huchelewa kuota, majani hupauka, na shamba hukaa miezi bila kusonga. Soya iko katikati, na nyanda za wastani za Ruvuma na Iringa zinaifaa.

Kwa ufupi hadi hapa: mvua huamua kama mkunde utaishi hadi mwisho wa msimu; joto, hasa la usiku, huamua kama maua yake yatakuwa maganda. Shamba lenye moja bila la pili halina mavuno.

Mbaazi na saa yake

Mbaazi zinastahili nafasi ya peke yake, kwa sababu kwao joto huamua pia tarehe ya maua. Watafiti nchini Kenya walipanda aina mbalimbali kwenye vituo vilivyopangana kwa mwinuko: Mtwapa pwani, Kiboko, Katumani, hadi Kabete karibu na Nairobi. Matokeo yalikuwa wazi. Aina za muda mrefu huwahi kutoa maua penye joto la nyuzijoto 18 hivi. Zikishushwa pwani huchelewa sana, zikaendelea kurefuka na kuwa miti. Aina za muda mfupi huwahi penye nyuzijoto 23 hadi 25. Zikipandishwa Kabete, ubaridi huzichelewesha.

Urefu wa mchana nao huchangia, kwani mbaazi husubiri siku zifupike ndipo zichanue. Babati vitu hivi viwili hukutana vizuri. Mbaazi hupandwa pamoja na mahindi mwanzoni mwa mvua, hukua polepole chini ya kivuli chake, na mahindi yanapokauka miezi ya baridi ya Juni na Julai huwa imefika pamoja na siku fupi. Maua hutoka wakati huo na mavuno huanza Agosti au Septemba. Lindi na Mtwara, ambako pia mbaazi ni zao kubwa, wakulima hutumia aina za kienyeji zilizozoea joto la pwani. Mkulima anayebeba mbegu ya Babati kwenda Lindi kwa sababu ilisifiwa sokoni anacheza kamari. Lakini hali ya hewa si mlinzi wa mfuko: mwaka 2017 India ilipoweka vizuizi vya kuingiza mbaazi, bei iliporomoka Tanzania hata pale mavuno yalipokuwa bora kabisa.

Dengu, zao la maji yaliyokwisha kunyesha

Dengu huvunja mazoea ya wengi kwa sababu hupandwa mvua zinapoisha. Shinyanga, Simiyu na Mwanza zina udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo hushika maji mengi na kuyaachia polepole. Mkulima huvuna zao la kwanza, kisha hupanda dengu kwenye unyevu uliobaki, na mara nyingi zao hilo hukomaa bila mvua ya maana. Miezi mikavu ya katikati ya mwaka ina usiku wenye ubaridi kidogo, na hewa kavu hukinga mmea dhidi ya ukungu. Ethiopia, mzalishaji mkubwa wa dengu kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, hufanya hivyo hivyo kwenye udongo wake mweusi wa nyanda za juu.

Kongwa, 1947

Hakuna mahali palipolipa gharama kubwa kwa kutosoma mvua kama Kongwa, mkoani Dodoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yake ikapanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Tathmini ya ardhi ilifanywa kwa wiki chache mwaka 1946, sehemu kubwa ya nyika hiyo ikitazamwa kutoka kwenye ndege. Kazi ilianza 1947 kwa matingatinga, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta.

Joto la Kongwa linaifaa karanga. Tatizo lilikuwa mvua na udongo kwa pamoja. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama na kujichimbia ardhini, na ganda hukua huko chini. Kwa hiyo karanga huhitaji ardhi laini na yenye unyevu wakati wa vikonyo, kisha ardhi inayochimbika wakati wa kuvuna. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka na kuwa mgumu mara mvua zilipokatika, vikonyo vikashindwa kuingia na karanga zilizokomaa zikashindwa kutoka. Mvua yenyewe ilikuwa haba na yenye mapengo, kama ilivyo kawaida ya nyika za Dodoma. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Inafaa kuongeza kwamba mkoa wa Dodoma hadi leo hulima karanga nyingi. Wakulima wadogo hupanda kwenye vipande vya udongo wa kichanga, pamoja na njugu mawe, mtama na uwele, na hawaweki akiba yote kwenye zao moja. Hatari iliyobaki ni ukame wa mwisho wa msimu: joto na kiu vinapozipata karanga zinapojaza punje, fangasi huingia na kuacha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho inayodhuru ini. Kuvuna kwa wakati na kukausha juu ya turubai hupunguza hatari hiyo.

Mipaka inayosogea

Joto la dunia linapopanda, mstari wa maharage hupanda mlima pamoja nalo. Kila nyuzijoto moja inayoongezeka ni sawa na kulishusha shamba mita 170 hivi. Mkulima aliye mita 1,100 leo ndiye atakayeguswa kwanza, na aliye kileleni hana pa kuhamia. Mwaka 2015 watafiti wa kituo cha kimataifa cha CIAT walitangaza aina 30 hivi za maharage zinazovumilia joto, nyingi zikiwa zimechanganywa na ndugu wa maharage wa jangwani, tepari, anayelimwa tangu zamani kaskazini mwa Meksiko na kusini magharibi mwa Marekani. Kuzifikisha mbegu za namna hiyo kwenye kila duka la kijiji ni kazi ya miaka mingi.

Wakati huo huo, kipimamvua cha kopo na kipimajoto cha bei ndogo hueleza mengi kuliko ramani ya taifa. Vinavyofaa kuandikwa ni mvua ya kila wiki na joto la chini kabisa la usiku, hasa wiki zinazotarajiwa kuwa za maua. Usiku ukibaki juu ya nyuzijoto 20, zao ni kunde, choroko au mbaazi za pwani. Ukishuka chini ya 15, kunde hazina kazi hapo. Panafaa njegere na maharage. Anayeishi chini ya mita 800 na bado anataka maharage ayapande yachanue Juni hadi Agosti, miezi ya baridi, kwa maji ya umwagiliaji. Akiyapanda yachanue Februari, mbegu hiyo ni heri angeipika.